Rais aliyeficha mgongo wake

Ukipanda matatu Kericho mjini na kushika barabara ya Litein na Kaplong hadi Bomet, utaona chai kushoto na kulia mpaka macho yachoke. Wageni kutoka Nairobi hushusha vioo wapige picha. Wewe uliyezaliwa huku hupigi picha. Unaangalia nani yuko shambani leo na nani hayuko, na yule asiyekuwepo unajiuliza kama ni mgongo umemweka nyumbani tena.

Mamangu huchuma chai. Ameifanya kazi hiyo tangu kabla sijazaliwa, kwanza kwenye shamba la kampuni moja, siku hizi kwenye vishamba vya watu, akilipwa kwa kilo. Asubuhi kabla hajatoka huchukua leso, anaikunja kwa urefu, anaifunga kiunoni na kuikaza mpaka unasikia pumzi ikimtoka. Halafu anafungua mkebe wa zamani wa Kimbo, anatoa tembe mbili, anazimeza na chai ya rangi, anabeba kikapu. Nikiwa mdogo nilidhani ni vitamini.

Lakini leo sikuletei maisha ya mamangu. Nakuletea ya John F. Kennedy.

Subiri, usifunge ukurasa. Najua unajiuliza rais wa Marekani aliyekufa 1963 anahusianaje na mchuma chai wa Konoin. Mimi pia sikuwa na habari. Nilimjua Kennedy kama wewe unavyomjua: meno meupe, mke mrembo, risasi ya Dallas. Na kama ulikuwa macho kwenye somo la historia, ulimsikia pia kwa Tom Mboya. Septemba 1959 Mboya na marafiki zake Wamarekani walirusha ndege iliyobeba wanafunzi 81 kwenda kusoma Marekani. Mwaka uliofuata kulikuwa na wanafunzi wengi zaidi waliopata nafasi vyuoni lakini nauli hakuna. Julai 1960 Mboya akaenda hadi Hyannis Port, nyumbani kwa akina Kennedy kando ya bahari, kuomba msaada. Kennedy alikuwa seneta anayewania urais na mwenyekiti wa kamati ndogo ya Seneti kuhusu Afrika. Wakfu wa familia yake ukatoa dola 100,000. Wangari Maathai alikuwa mmoja wa vijana walioenda mwaka huo.

Sasa, yule mwanamume aliyekaa na Mboya siku ile, aliyechomwa na jua akaonekana kama mwanamichezo, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mgongo mara nne. Alikuwa akiishi kwa sindano na vidonge, na karibu hakuna mpiga kura aliyejua.

Alizaliwa tarehe 29 Mei 1917 huko Brookline, Massachusetts, mtoto wa pili kati ya tisa. Babake, Joseph, alikuwa tajiri wa kupindukia na baadaye akawa balozi London. Mtoto mwenyewe alikuwa mgonjwa tangu mwanzo. Kabla hajafika miaka mitatu homa ya vipele vyekundu nusura imuue. Shuleni alilazwa na kutolewa, akalazwa tena. Mwaka 1934 walimpeleka Mayo Clinic akapimwa tumbo na utumbo kwa wiki kadhaa. Nyumbani walikuwa na utani kwamba mbu akimuuma Jack, atakayekufa ni mbu.

Mwaka 1935 aliingia chuo cha Princeton na kabla mwaka haujaisha akawa ametoka kwa sababu ya ugonjwa. Nilipofika hapo kwenye kusoma nilicheka peke yangu. Mimi nilitoka chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo. Tofauti yetu ni ndogo tu: yeye babake alimpeleka Harvard.

Mgongo ulianza kumsumbua akiwa huko Harvard, na kuna wanaosema ulitokana na mpira wa Kimarekani, ule wa kugongana. Wengine waliochunguza rekodi zake wanashuku dawa za homoni alizopewa kwa ajili ya tumbo, kwa kuwa dawa za jamii hiyo zikitumiwa muda mrefu hula mifupa. Vyovyote vile, mwaka 1941 alipotaka kujiunga na jeshi la nchi kavu alikataliwa kwa sababu ya mgongo. Angeweza kurudi nyumbani akalala kwenye sofa za babake. Badala yake mzee alimpigia simu rafiki yake wa jeshi la majini, vipimo vikafanywa upya, na kijana akatokea kuwa mzima kabisa. Kumbuka hiyo. Ndiyo mara ya kwanza mgongo wa Kennedy ulifichwa kwa karatasi.

Usiku wa tarehe 2 Agosti 1943, kwenye Visiwa vya Solomon katika vita vya Pasifiki, alikuwa nahodha wa boti ndogo iliyoitwa PT-109. Manowari ya Wajapani iliwatokea gizani ikaikata boti vipande viwili. Wawili walikufa. Walibaki kumi na mmoja, mmoja wao ameungua vibaya. Kennedy aliung'ata mkanda wa jaketi la yule aliyeungua, akaogelea naye akimvuta kwa meno kwa takriban saa nne hadi kisiwani. Mgongo uleule uliokataliwa na jeshi. Siku chache baadaye vijana wawili wenyeji wa visiwa hivyo, Biuku Gasa na Eroni Kumana, walipeleka ujumbe wake uliochongwa kwenye kifuu cha nazi, na hivyo wakaokolewa.

Alirudi akiwa shujaa na akiwa ameharibika. Juni 1944 madaktari wa Boston walimpasua wakatoa sehemu ya diski ya kiuno. Haikusaidia. Aliingia bungeni baada ya uchaguzi wa 1946, na mwaka uliofuata akiwa London akazimia, ikagunduliwa ana ugonjwa wa Addison. Huo ni ugonjwa wa zile tezi ndogo zinazokaa juu ya figo: zinashindwa kutengeneza homoni ambazo mwili hauwezi kuishi bila hizo. Waliokuwa karibu naye walidhani hafikishi mwaka. Kilichomwokoa ni kwamba dawa za homoni zilikuwa zimeanza kupatikana. Alipandikizwa vidonge chini ya ngozi ya paja, baadaye akawa anameza kotisoni kila siku. Hizo hakuweza kuziacha hata siku moja mpaka anakufa. Wapiga kura wa Boston waliambiwa ni malaria ya vitani.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo nilipoanza kumwona mamangu.

Kufikia 1954 Kennedy alikuwa seneta na alitembea kwa magongo. Akifika mlangoni mwa ukumbi wenye watu, anampa msaidizi magongo, ananyoosha mabega, anaingia akitabasamu. Akitoka, anayachukua tena. Madaktari wengine walimwonya kwamba kumpasua mtu mwenye Addison ni kama kumchimbia kaburi. Akaamua bora kufa kuliko kuishi hivyo. Tarehe 21 Oktoba 1954, jijini New York, walimfungua mgongo wakamwekea bamba la chuma la kuunganisha mifupa ya kiuno. Kidonda kikaingia viini, akapoteza fahamu, kasisi akaitwa kumpa sakramenti ya mwisho. Alipona. Februari 1955 wakamfungua tena kulitoa bamba lilelile. Alipokuwa akiuguza kidonda huko Florida alikishughulikia kitabu cha Profiles in Courage, ambacho Ted Sorensen alikiandika kwa sehemu kubwa na ambacho kilishinda tuzo ya Pulitzer mwaka 1957. Jalada lilibeba jina la Kennedy peke yake. Watu wengi walimjua seneta jasiri aliyeandika kitabu akiwa kitandani. Kidonda kilichokuwa wazi mgongoni hawakukiona.

Mwaka 1955 akaingia Dkt. Janet Travell. Huyu mama alikuwa mtaalamu wa misuli. Aliona kitu ambacho wapasuaji wote walikipita: mguu mmoja wa Kennedy ulikuwa mfupi kuliko mwingine. Akamwekea kisigino kirefu zaidi upande huo, na akampa kile kiti cha kubembea kinachoonekana kwenye picha nyingi za Ikulu. Kitu cha busara na cha bei nafuu. Lakini alimpa pia sindano za prokeini, dawa ya ganzi kama ile daktari wa meno anayokuchoma. Unachomwa kwenye msuli unaouma, ganzi inaingia, unasimama umenyooka. Baada ya saa kadhaa inaisha. Unarudi tena.

Na vidonge je? Hilo tulilijua baadaye sana. Mwaka 2002 mwanahistoria Robert Dallek, akiwa na daktari wa kumsaidia, aliruhusiwa kusoma faili za matibabu za Kennedy za miaka ya mwisho. Alikuta kwamba kati ya 1955 na 1957 alilazwa kisiri mara tisa. Kwa maumivu alipewa kodeini, Demerol na methadoni, zote za ukoo mmoja na mofini. Juu ya hizo kulikuwa na dawa za kutuliza wasiwasi, za kulala, za kumchangamsha, homoni, za kuzuia kuhara. Kila kimoja kilikuwa na sababu yake na daktari wake. Kila daktari alikuwa na sehemu yake ya mwili.

Nilisoma orodha hiyo saa nane usiku, bando likiwa limebaki kidogo, nikaenda jikoni nikaufungua mkebe wa Kimbo.

Hebu nikuambie kilichokuwamo. Diklofenaki, karatasi tatu, mbili zikiwa za kemisti tofauti. Brufen. Panadol. Tramadoli zisizo na boksi, zimefungwa kwenye bahasha ndogo ya kaki iliyoandikwa mbili mara mbili. Vidonge vya manjano visivyo na jina. Na kilichoniuma: karibu robo ya vitu hivyo nilivinunua mimi. Tangu darasa la nne nimekuwa nikitumwa na sarafu mkononi, nasema tu ni ya mgongo wa mama, naletewa. Hakuna aliyeniuliza karatasi ya daktari. Sikuwahi kujua diklofenaki na Brufen ni ndugu, kwamba kumeza zote mbili ni kama kupigwa na mtu mmoja kwa mikono miwili. Zinapunguza uvimbe, sawa, lakini zikitumiwa muda mrefu hutoboa tumbo, hupandisha presha na kuchosha figo. Tramadoli nayo iko upande wa kodeini: mwili unaizoea, unataka zaidi kwa nafuu ileile, na ukiiacha ghafla unatokwa na jasho, unatetemeka, hulali. Mamangu alidhani hiyo ni homa ya mvua. Kumbe ni siku ambazo tulikosa pesa ya kemisti.

Sasa turudi kwa msee wetu, maana kampeni ya 1960 inafika.

Wapinzani ndani ya chama chake walinong'ona kwamba ana Addison. Kambi yake ikakana kwa maneno yaliyochongwa vizuri: kwamba hana ule ugonjwa kama unavyoelezwa na vitabu vya zamani. Madaktari wake wakaandika barua kwamba afya yake ni bora. Wakati uo huo mfuko wenye dawa zake ulipotea kwenye kampeni huko Connecticut na akapiga simu kwa hofu kwa gavana utafutwe, maana ukiangukia mikono mibaya yamekwisha. Novemba akashinda. Alikuwa na miaka 43, mdogo kuliko yeyote aliyewahi kuchaguliwa nafasi hiyo, na kauli mbiu yake yote ilikuwa nguvu na ujana.

Unaweza kumwita mwongo. Nilimwita hivyo kwanza. Halafu nikafikiria: angesema ukweli, nani angempa kazi?

Muulize mtu yeyote anayechuma chai kwa nini hamwambii nyapara kwamba kiuno kinauma. Kazi ni ya kilo. Asiyeweza kubeba anapumzishwa, na kupumzishwa huku kwetu maana yake unaijua. Siku hizi mashine za kuchuma zimekuja, na kila mtu anajua nafasi ni chache kuliko mikono. Wapo waliosema hadharani. Kundi la waliokuwa wakichuma chai Kericho walienda hadi mahakama ya Edinburgh, Scotland, wakiishtaki James Finlay (Kenya) wakidai kazi iliwaharibu migongo. Novemba 2023 majaji wa huko waliisimamisha kesi ili madai yapitie kwanza utaratibu wa fidia wa hapa Kenya. Wengine wengi hawajasema lolote popote. Wanakaza leso.

Mei 1961, miezi minne tu Ikulu, Kennedy alienda Ottawa, akapewa sepetu apande mti kwa ajili ya kamera. Aliinama, mgongo ukalia. Akatoka hapo hawezi hata kutembea vizuri, na wiki zilizofuata alikuwa na mkutano Vienna na Khrushchev wa Urusi, mkutano ambao makosa yake yangeweza kuleta vita vya nyuklia. Akasafiri na Dkt. Max Jacobson wa New York, ambaye watu mashuhuri walimpenda kwa sindano zake za kuamsha mwili. Ndani ya sindano hizo kulikuwa na amfetamini. Ndiyo hiyohiyo unayoifikiria. Jacobson alikuja kunyang'anywa leseni mwaka 1975, lakini mwaka huo wa 1961 alikuwa akiingia Ikulu. Khrushchev alimpiga Kennedy kwa maneno siku mbili mfululizo, na Kennedy mwenyewe alikubali baadaye kwamba alishindwa. Ni sindano? Ni uchanga wa kazi? Ni Khrushchev alikuwa na siku nzuri? Sitajifanya najua. Ninachojua ni kwamba Travell alikuwa akimchoma ganzi, Jacobson akimchoma vyake, wengine wanaandika vidonge, na hakuna mtu mmoja aliyekuwa ameshika orodha nzima.

Mpaka wawili wakashtuka. Mmoja ni George Burkley, daktari wa jeshi la majini aliyekuwa Ikulu, na mwingine Eugene Cohen, daktari wa homoni zake. Waliona prokeini inachomwa mara nyingi zaidi na inafanya kazi kwa muda mfupi zaidi, na mwisho wa njia hiyo ni rais kwenye kiti cha magurudumu au rais mwenye uraibu. Oktoba 1961 wakamleta Hans Kraus.

Nampenda huyu mzee kupita kiasi. Alikuwa Mwaustria aliyekimbilia Marekani, mpanda milima, na hakupenda kukimbilia visu. Alimpima Kennedy akakuta misuli ya tumbo na mgongo ni dhaifu na ile ya mapaja imekaza. Mtu aliyevuta mwenzake baharini kwa meno, lakini miaka ya kulala, kujifunga mkanda na kuchomwa ganzi ilikuwa imemla misuli. Maumivu yanapofunikwa hulazimiki kuitumia. Kraus akatoa masharti: mazoezi mara tatu kwa wiki, na sindano za ganzi zikome. Ama hivyo ama mtafuteni mwingine. Rais akakubali. Akawa ananyoosha miguu, anainua kichwa, anakaza tumbo, pole pole, pamoja na kuogelea kwenye bwawa la Ikulu lililopashwa moto.

Kufikia katikati ya 1962 alikuwa anaweza vitu ambavyo hakuviweza kwa miaka. Oktoba mwaka huo Urusi ikaweka makombora Cuba, dunia ikasimama kwa siku 13. Vikao vya Ikulu vilirekodiwa, na Dallek alilinganisha kanda hizo na rekodi za dawa. Hakuona dalili kwamba dawa zilimvuruga. Alikuwa bado anameza nyingi, usidhani Kraus alifuta kila kitu. Kotisoni ilikuwa palepale kwa sababu bila hiyo angekufa. Hili nalisema makusudi kwa sababu kuna wanaosoma habari kama hizi halafu wanaenda kutupa dawa za nyanya yao chooni. Kuna dawa mtu anazihitaji, na kuna zile zinazopaswa kupunguzwa hatua kwa hatua na mtu aliyesomea. Kraus alijua aipi aiache na aiondoe ipi.

Kitu kimoja alishindwa kumvua. Mkanda. Kennedy alivaa mkanda mpana wa kitambaa uliofungwa kwa kamba kiunoni, na alipojiumiza tena mwaka 1963 aliukaza zaidi. Tarehe 22 Novemba, Dallas, alikuwa ameuvaa kwenye gari la wazi, akiwa amezungushwa bendeji juu yake hadi mapajani. Risasi ilimpata shingoni. Kuna madaktari wanaoamini kwamba mtu mwingine angeporomoka kwenye kiti, ila yeye mkanda ulimshikilia wima kwa zile sekunde chache, na risasi iliyofuata ikamkuta kichwani. Alikuwa na miaka 46. Siku 20 baadaye bendera ya Kenya ilipandishwa Nairobi, Mboya akiwa waziri.

Hata maiti yake ilifichiwa. Ripoti ya uchunguzi haikusema chochote kuhusu zile tezi za juu ya figo. Madaktari waliomfanyia uchunguzi walikubali hadharani mwaka 1992 tu.

Mamangu mwaka jana alitapika kitu cheusi kama majicha ya kahawa. Tulimkimbiza hospitali kwa bodaboda, mimi nyuma nimemshika. Daktari, kijana wa karibu rika langu, alimuuliza ni dawa gani anatumia. Mama akamjibu kwa heshima zote kwamba ni Panadol tu, siku mojamoja. Alimdanganya bila kupepesa macho, na ni mtu ambaye hajawahi kukosa kanisani. Niliona hofu yake: akiandikwa mgonjwa wa mgongo, nani atamwita kuchuma? Nilirudi nyumbani kwa bodaboda ileile, nikachukua mkebe wa Kimbo, nikaumimina wote kwenye meza ya daktari. Mama hakunisemesha siku mbili.

Vidonda vya tumbo, walisema. Diklofenaki na Brufen zikakoma siku hiyohiyo. Tramadoli ikaandikiwa ratiba ya kupungua. Yule mtaalamu wa mazoezi wa hospitali akamfundisha vitu sita vya kufanya asubuhi na jioni, na nilipoviona nilitaka kucheka na kulia: kunyoosha miguu, kuinua kichwa, kukaza tumbo, pole pole. Alimwambia pia asijaze kikapu hadi juu, ashushe mara mbili badala ya mara moja. Hilo la mwisho ni gumu, kwa sababu mwendo wa kurudi kwenye mizani hakuna anayeulipa.

Jioni moja nikamsimulia Kennedy chote, yeye akiwa amelala kwenye mkeka karibu na moto akihesabu. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza kama mkewe alijua. Aliuliza bwawa la maji moto linagharimu pesa ngapi, tukacheka wote. Kisha akanyamaza, na baadaye akauliza kwa nini hawakumvua ule mkanda.

Tramadoli alikuwa akimeza nne kwa siku. Sasa ni mbili, na wiki nyingine zinarudi kuwa tatu. Leso bado anaifunga.